Kitenge Kwenye Nguzo ya Stoo

Nilikitambua kitenge kabla sijamtambua mtoto. Kilikuwa cha dada yangu, chenye ndege wa bluu waliofifia, na kilikuwa kimezungushwa kwenye nguzo ya stoo ya shule, kati ya magunia ya unga wa uji na majembe. Chini ya nguzo alikaa binti yake. Mikono ilikuwa nyuma, imefungwa nacho. Hakulia. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia mvua inayonyesha kwa jirani.

Asubuhi ile nilikuwa nimetoka Mbarara, kwenye chumba changu cha kupanga pale Kakoba, nimembebea raba nyeupe. Kabla ya kwenda nyumbani kwao, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nikapitia shuleni nimshtue kwa furaha. Darasani hakuwepo. Wenzake walicheka, wakanionyesha kwa kidole mlango wa bati. “Mukimbiaji iko mu buloko,” mmoja akasema, yaani yuko kifungoni, nikadhani ni mchezo wao. Mlango ulikuwa na komeo kwa nje. Nililivuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Vidole vyangu vilishindwa na fundo. Mwalimu alikuja mbio, chaki bado mkononi. Ni mama wa makamo kutoka Kaberebere, na nimewahi kumwona akiwafuta watoto makamasi kwa leso yake mwenyewe. Alipiga magoti kando yangu, akavuta ncha moja, fundo likaachia. Wepesi ule ulinitisha kuliko fundo lenyewe.

“Nyabo, usikasirike,” akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. “Watoto ni mingi, mimi niko moja. Huyu akitoka nje, anakwenda kwa ziwa. Na hii kitenge, mama yake ndio alinipa.”

Nilimwambia anasema uongo. Nilisema kwa sauti iliyofika darasani, na kelele za watoto zikakatika.

Nje, kwenye ukuta, shule imeandika kwa rangi nyekundu kwamba viboko ni marufuku. Nilisimama mbele ya maandishi hayo nikiwa nimemshika mtoto mkono, nikiyasoma tena na tena kama mjinga. Kuhusu kitambaa na nguzo, kuhusu komeo, ukuta haukusema neno. Hakuna aliyevunja kanuni.

Mtoto huyu hasemi. Kinachong'aa humwita: kifuniko cha sufuria, bati jipya, na zaidi ya vyote, maji ya ziwa yanayoonekana kutoka uwanja wa shule. Akiyaona hukimbia. Shule nyingine zilikuwa zimemkataa. Mwalimu huyu peke yake ndiye aliyemkubali, na dada yangu aliomba usiku na mchana nafasi hiyo isipotee.

Nilimkuta dada akipepeta maharage mlangoni, kitoto chake kichanga kimelala ndani. Nilimweleza nikiwa nimesimama, nikingoja apige yowe. Aliendelea kupepeta.

“Ni mie nilimupa,” akasema. “Nikamwambia, akisumbua umufunge kidogo. Weye mama hakukufunga?”

Nilikaa chini. Kwetu, Kivu ya Kusini, mama akienda kulima humfunga mtoto kiunoni kwa kitenge, ncha ya pili kwenye mgomba, asije akatambaa hadi kwenye korongo. Kina mama wote walifanya hivyo. Mimi nilifungwa. Ninakumbuka udongo wenye joto chini ya mapaja yangu, sauti ya jembe, na uso wa mama ukigeuka kila baada ya tuta. Hakuna kumbukumbu niliyo nayo tamu kuliko hiyo. Nimeiandika katika hadithi, nikaisoma mbele ya wenzangu wa kikundi chetu cha waandishi Mbarara, wakaisifu. Sasa nilikuwa nimekishika mapajani kitenge nilichokitoa stoo, na kilinuka vumbi la unga.

Tuligombana. Nilimwambia mtoto wake si mbuzi. Akaniambia ni rahisi kusema hivyo ukiishi mjini na vitabu vyako. “Bakimufukuza, atasoma fasi gani? Utamubeba weye?”

Kitoto kikaamka kikilia. Dada akakichukua, akanipokonya kitenge, akakikung'uta na kukifunua ili akibebe kitoto mgongoni.

Binti yake alikuwa akichezea kifuniko cha sufuria juani. Alipokiona kitenge kimefunguka, alikiweka kifuniko chini polepole, kisipige kelele. Akatembea hadi kwenye nguzo ya baraza. Akakaa, akaegemeza mgongo, akapeleka mikono nyuma. Akangoja.

Dada alibaki ameinama, kitoto kikining'inia nusu mgongoni. Alinikabidhi kitoto. Kisha akapiga magoti mbele ya binti yake, akairudisha mikono ile mbele, mmoja baada ya mwingine, akaiweka mapajani. Alipoiachia, ilirudi nyuma. Akaileta tena. Ikarudi.

Ijumaa ile kulikuwa na kikao cha wazazi darasani, na dada yangu, ambaye hata kanisani haombi kwa sauti, alisimama wa kwanza. Hakumlaumu mwalimu. Alieleza kitenge, alieleza mikono. Baba mmoja Mrundi akacheka, akasema sisi sote tulifungwa shambani na tukakua, tena wengine tukanenepa. Wazazi wakacheka naye.

“Baba, mama yako alikuwa anageuka kukuangalia,” dada akamwambia. “Na shamba haina mulango.”

Mwalimu mkuu akasema vizuri, tuweke kanuni: mtoto asifungwe kwa kitu chochote, wala asiwekwe nyuma ya mlango uliokomewa, ila ikiwa ni lazima. Wengi waliitikia kwa kichwa. Dada akasema hapana, maneno ya mwisho yatolewe. Mwalimu mkuu akaeleza kwa upole kwamba ziwa liko karibu, na lolote likitokea ni yeye atakayeulizwa. Niliona wazazi wakianza kuegemea upande wake.

Ndipo mwalimu aliyekuwa amemfunga mtoto akasimama nyuma. Alizungumza akiangalia mikono yake.

“Utoe hiyo lazima, Mwalimu. Ikibaki, nitaitumia. Kwangu kila siku iko lazima.”

Mwalimu mkuu akaiondoa. Wakakubaliana wazazi wapeane zamu mlangoni, na mtoto akikimbia, mtu mzima amfuate kwa miguu. Baba aliyecheka aliazima nyundo, akaling'oa komeo la stoo kabla hatujatawanyika.

Jumatatu zamu ilikuwa ya dada, nami nikakaa naye. Jua lilipopanda, ziwa likang'aa, na binti akachomoka na raba zake nyeupe. Dada akainuka akamfuata bila kumwita. Mwalimu aliacha ubao, akasimama dirishani mpaka walipoonekana wakirudi, mtoto mbele, mama nyuma, wote wamelowa magoti.

Kitoto kichanga kilikuwa kwangu, mikononi, kizito kwa usingizi. Dada alikuwa amekuja naye hivyo hivyo kutoka nyumbani, njia yote ile, bila kumfunga mgongoni. Hathubutu bado kufunua kitenge mbele ya binti yake.