Joto la Langoni

Waraka wa kufungua shule ulikuwa na kurasa nyingi, na aliyeuandika hajawahi kununua mtungi wa maji Kiritiri. Nasema hivyo kwa hasira, na hasira hiyo bado haijanitoka. Ulituagiza kila mtoto anawe mikono kwa maji yanayotiririka kabla ya kuingia darasani, baada ya kutoka msalani, kabla ya kula na baada ya kula. Msimu ule, kwetu Mbeere, hata mbuzi walikuwa wakingoja zamu kisimani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu. Katika shule ndogo ya msingi, cheo hicho maana yake ni kwamba kila kazi ambayo mwalimu mkuu haitaki ni yako. Watoto walikuwa wamekaa nyumbani miezi mingi tangu ugonjwa uingie nchini, na sasa darasa la nne na la nane ndio walioitwa warudi kwanza. Wa darasa la nane walikuwa na mtihani wa taifa mbele yao. Mwalimu mkuu akajifungia ofisini na ripoti zake. Mimi nikapewa madawati, maji, barakoa na lango.

Tuanze na madawati. Darasa la nane lilikuwa na watoto hamsini na mmoja. Nilipopima chumba kwa kamba, nikiacha nafasi tuliyoamriwa kati ya mtoto na mwenzake, kikatosha watoto kumi na saba. Kwa hiyo darasa moja likawa vyumba vitatu, na kila somo likahitaji walimu watatu kwa wakati mmoja. Walimu hao waraka haukusema watatoka wapi.

Maji tuliwaambia watoto waje nayo, kila mmoja lita tano. Wengine walichota kwenye mashimo ya mchanga mtoni, yakafika shuleni yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Tukayamwaga kwenye tangi hayo hayo. Barakoa nazo zilikuwa za familia. Mtoto alipita langoni amevaa, akazunguka nyuma ya choo, akairusha juu ya ua, ndugu yake akaidaka na kuivaa aingie. Niliwakamata mara mbili, mara ya tatu nikaangalia kando. Ningemfukuza nani, na angeenda wapi?

Watoto wenyewe walikuwa wamebadilika. Wavulana walirudi na sauti nzito na mikono migumu ya kupakia mchanga kwenye malori. Wengine walikuwa wamechuma muguka, yale majani ya kutafuna, miezi yote hiyo, wakazoea kuwa na shilingi zao mfukoni, na waliniangalia kana kwamba nawapotezea muda. Wasichana wawili hawakurudi kabisa na kila mtu alijua sababu. Nilikwenda kwao wote wawili. Mama mmoja alinikaribisha uji, hatukuongea lolote la maana, nikarudi.

Lakini jambo lililoninyima raha lilikuwa moja tu, nalo ni mwalimu wa hesabu.

Alikuwa mzee kutuzidi sote, amebakisha mihula mitatu astaafu, na alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Alinifundisha mimi mwenyewe katika shule hiyo hiyo, nilipokuwa msichana wa darasa la saba nisiyejua kugawanya sehemu. Walimu wa umri wake na wenye magonjwa kama yake waliruhusiwa kuomba wabaki nyumbani. Nilimpelekea fomu mwenyewe, kwa mikono miwili, na kalamu juu yake.

Akaisoma yote hadi chini. "Madam, hii ni ya watu wagonjwa."

"Mwalimu, wewe uko na sukari."

"Sukari iko kwa damu, si kwa kichwa. Nani atafundisha hao watoto hesabu? Wewe?"

Walimu waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka. Ilikuwa kweli kwamba sikuweza, na hakukuwa na mwingine. Tuliomba mwalimu mwingine wa hesabu katika ofisi ya elimu tukaambiwa tungoje. Basi hilo ndilo lililokuwa mikononi mwangu muhula ule: kuwafikisha watoto hamsini na mmoja kwenye mtihani bila kumuua mwalimu wao. Nililifikiria kwa maneno hayo hayo, kila asubuhi nikifunga kamba za viatu.

Njia yake ya kufundisha vyumba vitatu ilikuwa ya kusimama kwenye baraza. Aliandika swali ubaoni chumba cha kwanza, akatoka, akaandika cha pili, kisha cha tatu, halafu akasimama nje katikati na kueleza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Barakoa ilikuwa kidevuni. Nilimwambia aivae vizuri, akaniambia hesabu haipiti kwenye kitambaa.

Sasa lango. Tulipewa kipimajoto kimoja, kile cha kuelekeza kwenye paji la uso, watoto wakakiita bunduki. Nilipokielekeza, walifumba macho. Amri ilikuwa kwamba yeyote anayezidi thelathini na saba nukta tano asiingie. Awekwe kando, mzazi aitwe, fomu ijazwe, apelekwe zahanati. Na kila mtu, mtoto kwa mwalimu, aandikwe kwenye kitabu jina lake na joto lake, maana afisa wa elimu angekuja kukikagua.

Siku ya kwanza nilipima watoto arobaini wa mwanzo, na zaidi ya nusu walikuwa na homa. Kisha nikawatazama vizuri: walikuwa wametembea kilomita tatu, nne, kwenye jua la Mbeere ambalo saa moja na nusu asubuhi tayari linachoma, wamebeba madumu ya maji kichwani. Hawakuwa na homa, walikuwa na joto la njiani. Chumba tulichotenga cha wagonjwa kilikuwa stoo ya mahindi, nacho kingeingia watoto wanne wakisimama.

Hapo ndipo nikabuni ujanja wangu, na nataka ieleweke kwamba ulikuwa wangu, si wa mtu mwingine. Niliwakalisha watoto kivulini kwanza. Wale waliobaki na joto niliwapa kitambaa kilicholoweshwa maji, wajifute paji la uso, wangoje kidogo. Nikapima tena. Bunduki ikasema thelathini na sita na kitu, nikaandika, wakaingia. Baada ya wiki moja hatukungoja hata kivuli. Mtoto alifika, akajipangusa, akapimwa, akaingia, foleni ikaenda mbio. Afisa alipokuja alifunua kitabu kurasa mbili tatu, akasema shule yetu ni ya mfano. Mwalimu mkuu akanishika mkono, ingawa kushikana mikono kulikatazwa.

Mimi hufundisha Kiswahili. Kila mwaka nimewaandikia watoto ubaoni kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nikawaambia watunge kisa kinachooana na methali hiyo, nikawasahihisha kwa kalamu nyekundu. Na bado nilisimama pale langoni na kitambaa kibichi mkononi, nikijiona mwerevu.

Asubuhi ya Jumatano moja, wiki chache kabla ya mtihani, mwalimu wa hesabu alifika akitembea polepole. Mvua za kwanza zilikuwa zimekaribia, kukawa na wingu zito, na mimi nilikuwa nimevaa sweta. Nilimpima. Thelathini na nane nukta tano.

Nikapima tena. Ikawa ile ile.

"Hii ni jua tu, Madam," akasema.

Hakukuwa na jua. Alijua hivyo, nami nilijua. Nyuma yake foleni ya watoto ilikuwa imefika barabarani, na wa darasa la nane walikuwa mbele, wakimwangalia.

"Mwalimu, rudi nyumbani leo," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Leo tuko kwa duara. Hawajaelewa hata kidogo." Akanyoosha mkono. "Lete hicho kitambaa."

Kama angekuwa mtoto ningemkatalia. Kama angekuwa mwalimu kijana ningemkatalia na kumgombeza juu. Lakini mtu aliyenishika mkono nikiwa na miaka kumi na mitatu, akaniongoza chaki ubaoni mpaka nikajua, ananyoosha mkono mbele ya wanafunzi wake anaomba kitambaa. Kwetu huwezi kumrudisha mtu kama huyo langoni kama mwizi wa kuku. Hayo ndiyo niliyojiambia. Na nilijiambia jambo jingine pia, ambalo ni baya zaidi: kwamba akirudi nyumbani, watoto hawatafundishwa duara, na matokeo yakiwa mabaya nitaulizwa mimi.

Nikampa. Akajifuta paji la uso taratibu, akanirudishia. Nikampima. Thelathini na sita nukta nne. Nikaandika.

Siku ile alifundisha vyumba vyote vitatu. Alhamisi na Ijumaa pia alikuja, na asubuhi zote mbili alichukua kitambaa mwenyewe bila kuniuliza. Ijumaa aliomba kiti, akafundisha ameketi barazani, na watoto wa chumba cha mwisho walisema hawamsikii. Nilimpelekea chai isiyo na sukari. Alisema imepoa, ilhali ilikuwa ikitoa mvuke.

Jumatatu hakuja. Mwalimu mkuu alipata simu kwamba amepelekwa hospitalini Embu na anasaidiwa kupumua. Kufikia Ijumaa ya wiki hiyo alikuwa amefariki. Madaktari walisema ni ugonjwa ule, na sukari ikausaidia.

Tulimzika kwa haraka namna ambayo kwetu hata mbwa mzuri hazikwi hivyo. Mtu aliyefundisha nusu ya watu wa lokesheni ile alistahili maturubai, kwaya, hotuba ndefu za kuchosha na sufuria za wali. Alipata watu wachache wenye mavazi meupe yaliyowafunika hadi nyuso, na sisi tukasimama mbali, upande wa pili wa shamba lake la muguka. Mchungaji alisoma sala upesi upesi. Wakafukia kabla ya saa tano. Watoto wa darasa la nane walikuja bila kuitwa, wakasimama barabarani kwa sare, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kuwafukuza.

Watu wa afya wakaja kupuliza dawa madarasani, tukafunga siku chache, tukafungua tena. Mwalimu mwingine wa hesabu hakuletwa. Niliwagawia watoto mitihani ya miaka ya nyuma pamoja na majibu yake, wakajisahihisha wenyewe. Duara hawakulielewa hadi mwisho, na matokeo yalipotoka yalionyesha hivyo.

Mtihani ulipokwisha, mke wake alikuja kuchukua vitu vyake: koti, rula kubwa ya mbao na chupa ya chai. Nilikuwa nimeviweka pamoja kwenye mfuko. Alikataa kuondoka mara moja. Aliketi mbele ya meza yangu, barakoa imemfunika hadi chini ya macho. Tuliongea kwa Kimbeere, kwa upole, kama watu wanavyoongea msibani.

"Nina swali moja, mwalimu," akasema. "Limenikondesha."

"Uliza, mama."

"Ile Jumatano alipoamka, nilimshika hapa." Akagusa paji la uso wake. "Palikuwa moto. Nikamwambia, mzee wangu, leo hutoki. Tukagombana. Nikasimama mlangoni. Akacheka, akaniambia, shuleni kuna mashine, na anayeishika ni mwanafunzi wangu, yule hana mchezo hata na mtoto wa chifu. Mashine ikikataa, narudi kunywa uji. Nikasema sawa, nikamwondokea mlangoni."

Niliusogeza mfuko wa vitu vyake karibu naye.

"Nikauweka uji jikoni. Nikangoja mpaka saa nne. Hakurudi, nikajua mashine imekubali. Lakini tangu tumzike najiuliza kama ningesimama pale mlangoni nisitoke. Sasa niambie wewe uliyempima. Ilisema ngapi?"

Kitabu kilikuwa kwenye rafu nyuma yangu. Ningeweza kusema kimechukuliwa na afisa. Ningeweza pia kumwambia ukweli. Nakumbuka nilivyofungua mdomo. Badala yake niligeuka, nikakishusha, nikafunua hadi Jumatano ile, nikamwekea mezani, kidole changu kikiwa kwenye mstari.

"Thelathini na sita nukta nne," nikasoma.

"Huo ni ugonjwa?"

"Hapana, mama. Huo ni uzima."

Aliutazama mwandiko wangu. Kisha akavuta pumzi, mabega yakashuka, akakigeuza kiganja chake cha kulia juu ya meza na kukiangalia.

"Kumbe ni mkono wangu tu ulionidanganya," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ulikuwa mkono tu.