Kalenda ya Fundi wa Masara

Pale Masara, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu ikigoma, watu humtafuta Damaris. Huiinamia, akaisikiliza inavyokohoa, akautaja ugonjwa wake kabla hajafungua nati hata moja. Mumewe, Magige, ana kibanda cha chapati ubavuni mwa karakana ya mkewe, na chapati zenyewe ni laini hata vibogoyo huzila bila chai. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, na nyumba yao ilikuwa na amani.

Aliyeivuruga amani hiyo ni mpiga picha wa kampuni moja ya mafuta ya injini, bwana mwenye haraka zake. Aliwatazama wawili hao akaona wamekaa kinyume. "Mzee, vaa hiyo ovaroli ushike spana," akasema. "Mama, wewe chukua sinia ya chapati, ucheke kidogo." Damaris alidhani ni mzaha wa picha moja tu. Januari ilipofika, mzaha ulikuwa kwenye kalenda ya kampuni, umetundikwa kwenye kila duka: Magige ndani ya ovaroli ya mkewe, mikono ya nguo imemwishia kwenye viwiko, ameshika spana kama anayegeuza chapati. Damaris yuko nyuma yake na aproni, meno yote nje.

Damaris aliumia sana. Miaka kumi na miwili amenuka dizeli, na sasa wageni walikuwa wakimpita wakiulizia fundi wa kalenda. Magige yeye alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mama Elvis, hiyo ni karatasi tu. Mwaka ukiisha tutawashia moto."

Ndipo akaja Mzee Motari, aliyekuwa na mashine tatu mpya na akitafuta fundi wa kudumu. Kazi hiyo Damaris aliitamani kwa moyo wote. Motari akampita kama hakumwona, akaenda kumpa Magige mkono.

"Mzee, mimi nikigusa injini yako utasaga mawe kwa meno," Magige akamwambia. "Fundi ni huyu mama."

Motari aliguna, lakini mashine moja ilikuwa imezima tangu asubuhi, akakubali shingo upande. Damaris akaenda, akaisikiliza, akafungua bomba la dizeli, akalipuliza uchafu ukatoka. Mashine ikanguruma. Motari akampa kazi palepale, mbele ya watu.

Wakarudi kibandani kusherehekea. Motari akamega chapati, akatafuna, akafumba macho.

"Kumbe unajua injini na chapati pia, Mama Elvis," akasema. "Basi kalenda haikudanganya yote."

Magige alikuwa amesimama hapo hapo, unga umemfika hadi kwenye nyusi. "Lakini mzee, hizo chapati..."

"Huyu bwana ana bahati," Motari akaendelea, mdomo umejaa. "Anapikiwa."

Magige akamgeukia mkewe amwokoe. Damaris akanywa chai yake polepole.

"Baba Elvis," akasema, "hiyo ni karatasi tu."

Safari hii Magige hakucheka. Aliitoa kalenda ukutani, akachukua kisu, akakata vichwa viwili, akavibadilisha nafasi, akavibandika kwa unga wa ngano uliolowa. Kalenda ingali kibandani mpaka leo, ingawa mwaka wake umepita. Kichwa cha Magige kimekaa upande kidogo juu ya aproni, na mgeni akiingia, kabla hajaagiza chochote, Magige humwonyesha kwanza ni nani aliyeshika sinia.