Tulinagwe na Mfumo Usiojua Mkwe

Dada yangu Tulinagwe hasahau. Ukimkosea leo atakuchekea, atakupa na chai, halafu atakusubiri pale utakapopita. Mimi nikikosewa nawaka hapohapo. Yeye anatunza.

Anachuma parachichi kwa mnunuzi mmoja hapa Tukuyu. Zamani kiongozi alikuwa anapiga kelele asubuhi, nyie shamba la Ikuti, nyie la Kisondela, watu wanapanda gari. Ukaja mfumo wa kwenye simu, unapanga nani aende shamba gani na achume na nani. Anayeulisha majina ni Obed, mtoto wa hapahapa, ila kavaa raba nyeupe anajifanya kwao hakuna migomba.

Jioni moja ukampanga dada na mzee Ambwene, baba mkwe wake. Mmoja juu ya mti, mwingine chini anapokea. Kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe usoni. Akisikia mkwe anakohoa huko njiani, anaingia migombani mpaka apite. Sasa leo ampandie juu ya kichwa?

Dada akaenda ofisini, akaomba kwa adabu abadilishiwe. Obed hata kichwa hakuinua. Akasema mbele za watu, "Dada, mfumo haujui mkwe. Unajua nguvukazi."

Watu wakacheka. Kesho yake dada hakwenda. Obed akabonyeza kwamba kakataa kazi, jina likawa jekundu, na jina jekundu halipangwi tena. Msimu mzima dada kakaa nyumbani. Nilitaka nikamng'oe meno yule, dada akakataa, eti nikimng'oa watu watamwonea huruma.

Msimu uliofuata parachichi zikazidi, wachumaji hawatoshi. Bosi akafuta wekundu wote. Na kwa vile wanawake wa Kisondela hawapandi gari bila Tulinagwe, akampa uongozi, kila kiongozi apange watu wake mwenyewe kwenye simu. Wa ofisini nao wakaambiwa washuke shamba. Obed akaangukia kundi la dada.

Sasa Obed alikuwa kashatoa ng'ombe, anamuoa Sekela. Na mama yake Sekela ni mchumaji wa dada. Dada akaenda kwanza kwa huyo mama, wakanong'ona, wakacheka sana. Halafu akabonyeza.

Asubuhi Obed kafika, kaona kwenye simu kapangwa yeye juu ya mti, mama Sekela chini. Mama Sekela yuko nyuma ya mgomba, kanga kichwani, kampa mgongo.

"Dada Tuli, nakuomba. Yule ni mama mkwe wangu."

Dada hakuinua kichwa. "Mfumo haujui mkwe, Obed."

Akipanda mti juu ya kichwa cha mama mkwe, Sekela hampati tena. Asipopanda, kazi hana. Akasimama na mfuko mkononi, kundi zima linamwangalia, hakuna hata mmoja aliyemtetea. Mwisho akauweka chini, akashika njia ya Tukuyu kwa miguu, raba nyeupe kwenye tope.

"Ndaga fijo," dada akamshukuru, akabonyeza. Akaizungusha simu, kila mtu alione lile jekundu. Halafu akapanda mti mwenyewe, mama Sekela akapokea chini.