Fundi wa Ruangwa alinichagulia ekzosi nisiyoitaka, nusura atuulie mama

Wakuu, salaam kwenu.

Ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa kijiweni. Bado nina hasira, kwa hiyo nikipandisha sauti mnivumilie.

Naishi Nachingwea, nina duka la pembejeo. Nina kagari kadogo ka silinda nne, hakana turbo wala mbwembwe. Kananipeleka kwa wakulima na kunirudisha, basi.

Sasa bomba la ekzosi lilikuwa limeoza. Kila nikiliunga linaachia mbele ya safari, gari linanguruma kama mashine ya kusaga. Nikaamua ninunue mfumo mzima, niachane na viraka.

Nilisoma sana kabla ya kununua, humu humu jukwaani pia. Nikaelewa kwamba kwa injini ndogo kama yangu, bomba pana halikupi nguvu, linakunyang'anya. Gari linapiga kelele tu, kwenye kilima linakohoa.

Kwa hiyo nilijua ninachotaka. Mtumba wa Japani, upana ule ule wa kiwandani, mafla ya kimya, masega yabaki.

(Kwa wasiojua, masega ni kile kichujio cha moshi kilicho ndani ya bomba. Yana madini ya thamani, ndiyo maana mafundi wengi macho huwatoka wakiyaona.)

Siku hiyo nilikuwa nampeleka mama mkwe, Mama Somoe, kwake Nkowe. Alikuwa kwetu akiuguza presha. Mke wangu Zuhura alikuwepo pia. Tukapita Ruangwa kwa fundi mmoja niliyesifiwa, nimwite tu Mapombe.

Nikamwonyesha ninayoitaka. Ilikuwa pale pale, imening'inia ukutani.

"Bosi, hiyo ya wazee," akaniambia. "Chukua hii sports, midomo miwili. Silinda nne inabanwa pumzi, tukiifungua utaisahau."

Nikamjibu, "Fundi, nina mgonjwa wa presha. Nifungie hiyo ya ukutani, na masega usiguse."

"Sawa bosi."

Nikawapeleka mama na Zuhura kupumzika kwa ndugu yao. Narudi, nakuta kafunga midomo miwili!

Nikamuuliza hii nini. Anacheka. "Nimekupandishia daraja kwa bei ile ile. Utakuja kunishukuru."

Wakuu, mtu anakuamulia mali yako halafu anasubiri shukrani!

Niligomba. Lakini mama alikuwa amechoka na anataka kwake, na Mapombe akaahidi nikirudi atabadilisha. Tukaondoka.

Njia ina vumbi, malori yanapishana, tukafunga vioo. Kelele ilikuwa kero, na kwenye mwinuko gari likawa halivuti kabisa.

Haukupita muda Zuhura akasema kichwa kinamgonga. Mimi nilihisi macho mazito, nikadhani ni uchovu.

Mama akasema taratibu, "Mwanangu, kichwa kinavuma." Halafu akanyamaza.

Tukajua ni presha. Zuhura akageuka kumtazama, nikasikia anapiga kelele, "Mama! Mama! Simamisha gari!"

Kichwa kilikuwa kimelala begani. Haitiki.

Nilipofungua mlango kushuka, miguu yangu mwenyewe ikanikatalia. Tulimtoa kwa shida tukamlaza chini ya mkorosho. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia shamba la jirani akaacha jembe, akaja na maji, akaanza kumpepea kwa kanga.

Mama akatapika. Ndipo akafungua macho. Zuhura alilia kama mtoto.

Nikainama chini ya gari. Kiungo kilichochomelewa kilikuwa wazi, kinapuliza moshi juu, kwenye sakafu ya buti. Na sakafu ameitoboa ili apate pa kushikiza mabomba yake mawili! Moshi wote tulikuwa tunauvuta sisi.

Tukamalizia safari kwa bodaboda mpaka zahanati. Mganga alituuliza maswali, akatikisa kichwa. "Moshi wa gari huo. Mngeendelea na vioo vimefungwa, tungekuwa tunaongea mengine."

Kesho yake mama akiwa ana nafuu nikalirudisha gari Ruangwa, vioo vyote chini. Nikamweleza Mapombe mbele ya watu.

Mnajua alinijibu nini?

"Si mngefungua vioo?"

Wakuu!

Sikumpiga. Nikawasha gari, nikapandisha vioo vyote, nikamfungulia mlango wa nyuma. "Ingia ukae alipokaa mama yangu. Nikuzungushe mjini."

Akatazama pembeni. "Bosi, mambo gani hayo?"

"Si umesema ni nzuri? Ingia."

Mzee mmoja mwenye lori akasema, "Ingia basi, fundi, kazi si yako?"

Hakuingia.

Nikamuuliza masega yangu yako wapi. Kwanza akadai yalikuwa yameziba, kayatupa. Watu walipomsogelea, akaenda nyuma ya banda akayatoa kwenye kiroba. Mazima!

Nikachukua masega, nikachukua na ile ya ukutani niliyoilipia, nikaenda kufungiwa kwetu Nachingwea nikiwa nimesimama hapo hapo. Tundu la buti likazibwa. Gari sasa ni kimya na kilima linapanda.

Mapombe bado yuko kazini. Siku ile aliyolifunga alilipiga gari langu video likinguruma, kaiweka status kutafutia wateja.

Funzo langu: mwenye gari ndiye achague, na usiondoke fundi anapofunga. Kabla ya kulipa, inama, pitisha mkono karibu na kila kiungo injini ikiwa inawaka. Ukihisi pumzi, hapo hakujafungwa.

Mama Somoe amepona, ila gari langu hapandi tena. Juzi kaja kututembelea kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilipomwambia ningemfuata, akasema, "Hapana baba. Huku upepo nauona unakotoka."

Nikamletea maji anawe uso.

Wenye visa vya mafundi wa namna hii wavimwage hapa. Na wewe unayetaka kuja kuniambia masega ni ushamba, kwanza tuambie: mama yako huwa anakaa siti ipi?