Nukta Iliyoachwa Nje

Binti yangu Nafuna ni mtu wa kupunguza. Alipokuwa mdogo nilimtuma dukani na kapu, akarudi na vitu mikononi. Kapu alikuwa ameliacha kwa mwenye duka kwa sababu, alisema, lilikuwa zito kuliko vitu vyenyewe. Akisimulia jambo huruka mwanzo, na mara nyingine huruka na mwisho. Ukimwuliza amekula nini, atakujibu kwamba amekula. Nimemlea hivyo, nikitafuta kila mara kile alichokiacha.

Tunakaa Kibuli, mtaa wenye Waislamu wengi, ingawa sisi ni Wakristo na kwetu ni Bungoma, ng'ambo ya mpaka. Baba yake, Cleopas, analinda lango la watu huko Naguru. Nafuna alisomea umeme kwenye chuo cha ufundi, na sasa yuko Katwe katika karakana ya bwana mmoja, Wahabi, wanakotengeneza mashine za kuangulia mayai. Wachomeleaji huunda sanduku la bati, seremala huweka trei, naye Nafuna hutengeneza kile kijisanduku cha mbele chenye kioo kidogo na kitufe cha kuzungusha cha kupangia joto, kinachopima joto na kuwasha au kuzima taa za kupasha mayai. Nilifika huko mara moja kumpelekea mwavuli. Kelele za nyundo zilinitisha. Yeye alikuwa amekaa katikati yake na laptopu magotini, ametulia kama mtu aliye kanisani.

Mwaka jana chipu walizozoea, zile zinazobeba programu ya kuendesha mashine, ziliadimika. Zilizobaki madukani zilikuwa na nafasi finyu, na programu ya Nafuna haikuenea. Wahabi si mtu wa ugomvi. Alimwambia tu kwamba hizo ndogo zikishindikana, ataagiza vijisanduku vilivyokamilika kutoka nje, na hapo karakana haitahitaji mtu wa programu. Nafuna alinipa habari hiyo huku akifunga viatu, kana kwamba ananiambia mvua inakuja. Mimi usingizi ulinipotea.

Nilimwomba anieleze kazi yenyewe, maana hofu huzidi usipokijua unachokiogopa. Akasema programu yake imeandikwa kwa lugha iitwayo C, na anayeandika C haandiki kila kitu mwenyewe. Kuna kitu wanakiita maktaba. Si ya vitabu. Ni ghala la vipande vya kazi vilivyokwisha kuandikwa na wengine, kama kunakili maneno, kugawa nafasi ya kumbukumbu, kuonyesha namba kwenye kioo. Maktaba ya kompyuta kubwa haiwezi kuingia kwenye chipu kama yake, kwa hiyo watu wametengeneza ndogo. Na hata hiyo ndogo, kabla ya kuijenga huna budi kuipanga: uiambie kichakataji ni cha aina gani, kumbukumbu inaanzia wapi na inaishia wapi, kisha useme ndiyo au hapana kwa kila kipande. Mafaili? Hapana, mashine ya mayai haina mafaili. Kalenda? Hapana. Herufi za Kichina? Hapana. Nilimwona akisema hapana kwa raha kabisa.

Kisha akafika kwenye kuandika desimali.

"Hiyo ndiyo inayokula nafasi kubwa," alisema. "Chipu hii haina sehemu ya kuhesabia desimali, maktaba inabidi iifanyie kazi hiyo yote. Nimeitoa."

"Na ukiitoa?"

"Kioo kinaonyesha namba nzima. Thelathini na saba, basi. Ndani mashine inapima vilevile, mama."

Mara ya kwanza kioo kilibaki kitupu baada ya neno JOTO, kwa sababu programu bado ilikuwa inaomba desimali ambayo haipo. Akarekebisha, namba nzima ikatokea. Programu ikaenea na nafasi ikabaki. Waliijaribu karakanani, joto likakaa lilipotakiwa, na Wahabi akasema mashine ya kwanza iende kwa jirani yetu Julienne.

Julienne alikimbia vita kutoka Butembo, na hapa anaishi kwa kuuza vifaranga. Mashine yake ya zamani ilikuwa na kipimajoto cha mistari midogo, na joto la mayai, thelathini na saba nukta saba, analijua kama jina la mwanawe. Alijaza trei zote mayai ya kuroila, wale kuku chotara wa nyama na mayai. Wateja walikwisha kuweka oda, na hakuwa na mayai mengine ya kurudia.

Nilikuwa nikipita kwake kila siku nikijidai naazima chumvi. Mwanzoni kioo kilisema 37. Baadaye nikakuta 38. Sikufikiri kitu, mashine ilikuwa inanguruma vizuri na Julienne alikuwa anaimba.

Jumamosi, tukiwa mezani mchana, Nafuna aliuliza mashine inaendeleaje. Nikamwambia ni nzuri, inasoma thelathini na nane. Akaliweka tonge kwenye sahani. Aliuliza nani amegusa kitufe cha kuzungusha, na kabla sijajibu alikwisha kutoka. Nikamfuata.

Julienne hakuficha kitu. "Iliandika thelathini na saba," alisema. "Mayai yanataka thelathini na saba na saba. Sasa miye niache watoto wangu wasikie baridi? Nikazungusha mpaka thelathini na nane, nikaongeza kidogo ili isirudi."

Nafuna aliingiza kipimajoto chake ndani. Kilikaribia thelathini na tisa. Akarudisha kitufe pale kilipokuwa tangu Katwe, akamweleza kwamba joto lilikuwa sahihi siku zote, ila kioo hakikuonyesha kilicho baada ya nukta.

"Ile saba ya pili uliipeleka wapi?"

"Niliiacha nje, Mama Julienne. Nafasi ilikuwa ndogo."

"Ndogo ya kukosa saba moja?"

Nafuna alitoa simu mfukoni. Tulifunga pazia, wakaanza kumulika mayai kwa tochi ya simu, moja moja. Lililo hai linaonyesha mishipa myekundu na kitu kinachochezacheza. Lililokufa lina duara la damu tu, na Julienne aliliweka kwenye beseni polepole, kama bado linaweza kuvunjika. Nilikuwa nalitazama beseni, si trei. Mwisho yaliyo hai yalizidi yaliyokufa, lakini si kwa mengi.

"Jumatatu nitaenda Katwe," Julienne alisema. "Wahabi atanisikia."

"Atasikia kwangu kwanza," Nafuna alisema.

Alimpigia simu palepale. Nilimsikia akieleza tangu mwanzo: nafasi, maktaba, nukta, kitufe, beseni. Hakuruka kitu. Wahabi akamwambia airudishe hiyo desimali. Nafuna akasema haitaingia, lakini kuna njia nyingine.

Njia yenyewe ilikuwa hii: mashine ihesabu kwa sehemu za kumi za digrii, yaani 377, ambayo ni namba nzima na maktaba ile ndogo inaijua. Kisha programu ichomeke nukta kabla ya tarakimu ya mwisho. Maktaba haikuguswa. Wahabi alipoona 37.7 kwenye kioo aliuliza kwa nini hakufanya hivyo mwanzoni. Nafuna alimjibu kwamba alidhani hakuna atakayeihitaji.

Vifaranga vilitoka, vichache kuliko oda, na Wahabi akampelekea Julienne mayai mengine. Chipu ndogo zinaendelea kutumika, na Nafuna bado yuko kazini. Julienne ameifungia mashine kipimajoto chake cha mistari kwa waya, ndani ya mlango. Nafuna alikiona akakiacha. Siku hizi, kabla ya kusema hapana kwa kipande chochote, hupita kwanza kwa Julienne kumwuliza anaangalia nini kila asubuhi, naye Julienne humjibu kwa urefu sana.

Mimi pia napita.

"Chumvi yako hiyo, Mama Nafuna," Julienne aliniambia juzi bila kugeuka, "itakupa presha."

Nikamwuliza mashine inasoma ngapi.