Nilivyomfukuza Shemeji Ukocha

Kocha wa timu ya mtaa wetu hapa Mpanda alikuwa kaka wa mke wangu, na mimi nilikuwa katibu. Tulipofungwa na Magamba, kisha Kasekese wakaja kutufunga nyumbani, nilisimama kwenye kikao cha kamati nikiwa nimevaa koti. Hakuna aliyeniambia nivae koti. Nikasema timu inahitaji falsafa mpya, neno nililokuwa nimelisikia redioni asubuhi ile. Kwamba nusu ya wachezaji wetu wako mashambani wanavuna mpunga, sikuligusa.

"Tukimtoa, nani atashika timu?" mwenyekiti akauliza.

Nikakohoa. Nilikohoa kwa namna ambayo kikao kizima kilielewa.

Shemeji hakugombana. Jioni alikuja nyumbani, akanipa filimbi na mfuko wa jezi chafu. Mke wangu akautazama ule mfuko.

"Umemfukuza kaka yangu?"

"Kamati ndiyo imeamua."

"Basi kamati ndiyo itafua."

Nilifua mwenyewe.

Mazoezini nilichora mishale na duara kwenye vumbi kwa kijiti. Beki wetu wa kati, fundi baiskeli asiyependa maneno mengi, alitazama muda mrefu, halafu akauliza kwa heshima, "Samahani kocha, mimi ni mshale au ni duara?" Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamwambia awe vyote viwili, kutegemea na hali.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa Karema. Tulikwenda na lori, na shemeji naye alipanda kama shabiki wa kawaida. Kufika mapumziko tulikuwa tumeshafungwa matatu. Ili nionekane nina msimamo, nikamtoa kapteni. Akaenda moja kwa moja kukaa na shemeji, wakala migebuka, samaki wa ziwani, ya kukaanga huku wakinitazama napiga kelele. Kipindi cha pili tulifungwa mengine, na kwenye lori la kurudi hakuna aliyetaka kukaa karibu nami.

Kamati ikaitwa tena. Safari hii sikuvaa koti. Mjumbe mmoja alikuwa ameanza kusema timu inahitaji damu mpya, ndipo shemeji akaomba nafasi ya kuongea.

"Nyie mlinitoa mimi wakati vijana wako shambani," alisema. "Huyu naye mmempa haohao waliobaki. Subirini mpunga uingie ndani. Vijana wakirudi na bado tunafungwa, hapo mfukuzeni, na mimi nitanyoosha mkono."

Wakaniacha. Nje nikamfuata kumshukuru, machozi yakiwa yameanza kunilenga.

"Usinishukuru," akasema. "Niliona wakikutoa watanirudisha mimi. Tangu mnifukuze, Jumapili nakula na wanangu, hakuna anayenitukana. Kaa hapohapo, shemeji."

Mavuno yakaisha, vijana wakarudi. Straika wetu alirudi amekomaa mabega kwa kubeba magunia, na mechi iliyofuata alifunga mabao mawili ambayo mimi sikuhusika nayo kwa lolote. Mashabiki waliingia uwanjani wakaninyanyua juu. Huko juu ningeweza kuwaambia ukweli, lakini nilipunga mkono. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni na kaka yake. Shemeji alipiga makofi kwa moyo wote. Mke wangu alikunja mikono kifuani, akasubiri nishushwe.