Chupa ya Kahawia ya Mwalimu Felicitas

Sitajifanya sina upande. Mkuu wetu wa shule, Machibya, simpendi, na haya ninayosimulia kuhusu Felicitas Kahigwa yana hasira zangu ndani yake.

Felicitas anafundisha kemia hapa shuleni kwetu Pasiansi, nami ni mwalimu mwenzake. Ni Mhaya wa Bukoba, ana ulimi mkali, na hachekicheki na watu. Kwa miaka miwili alipika maji ya limau nyumbani kwake Mkuyuni mpaka yakaungua na kuwa kahawia. Ndani ya ule uchafu, alisema, mna chembe za kaboni ndogo mno, na ukizimulika kwa tochi ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia, zinatoa mwanga wa buluu. Kisha akapika limau pamoja na mbolea ya urea. Naitrojeni ya mbolea ikajipachika kwenye kaboni, na mwanga ukageuka kijani. Siku aliponionyesha alinifinya mkono kwa furaha mpaka nikapiga kelele.

Wafadhili walikuwa na nafasi moja ya masomo ya uzamili, na wageni wao wakaja kuiona kazi yake. Waliweka kikomo cha umri, na Felicitas alikuwa amebakiwa na mwaka ule tu.

Wageni wakija shuleni, mnajua kinachotangulia: usafi. Felicitas alipokwenda stendi kuwapokea, Machibya akawatoa wanafunzi madarasani. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa, na vichupa vyote vya maabara vikaoshwa kwa sabuni ya unga, vikasuuzwa harakaharaka. Chupa yenye maji ya kahawia ikaonekana aibu, ikamwagwa. Ilikuwa ile ya urea.

Felicitas akabaki na chupa ya limau peke yake, iliyokuwa kwenye mkoba wake. Akaanza hivyo hivyo mbele ya wageni. Kichupa kimoja akakitia maji ya kawaida, ili wageni waone kwamba maji hayawaki; kingine akakitia ya limau. Akafunga mapazia, akamulika. Vyote viwili vikawaka buluu.

"Mwalimu, haya si maji tu?" aliuliza Bi. Evelina, kiongozi wa wageni. "Mbona yanawaka?"

Felicitas akakinusa kichupa cha maji. "Ni sabuni. Ina dawa ya kung'arisha nguo, nayo huwaka buluu. Ya kwangu ya kijani, ambayo sabuni haiwezi kuiiga, imemwagwa. Nipeni siku chache nipike nyingine."

"Uamuzi ni leo, mwalimu."

"Mimi ndiye niliyeagiza usafi," Machibya akadakia, akitabasamu. "Hatupokei wageni kwenye uchafu. Na kama sabuni nayo inawaka, basi miaka miwili mwenzetu anatuonyesha sabuni!"

Wageni wakacheka. Nilitamani kumzaba kofi. Felicitas akageuza tochi kwenye shati jeupe la Mkuu, nalo likawaka buluu kuanzia kola mpaka kiunoni.

"Basi nafasi mpeni huyu," akasema. "Naye anawaka."

Safari hii hakuna aliyecheka. Bi. Evelina akamtaka Felicitas amwombe Mkuu radhi.

"Siombi."

Nafasi ikaenda shule nyingine. Felicitas bado anafundisha, na hatasoma tena kwa ufadhili wa mtu.

Kila asubuhi Machibya, anayemzidi miaka mingi, husimama mlangoni pa ofisi akipokea shikamoo za walimu. Wote tunampa, hata mimi. Felicitas humpita akisema, "Habari, Machibya," na mzee mzima huitikia, "Nzuri," huku akitazama chini.